Thabeet mnamwandika, kocha wake je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee basketi kidogo. Kila akitajwa Hasheem Thabeet magazeti yetu yanaandika yale yale, Mtanzania wa kwanza NBA, ile ligi kuu ya basketi ya Marekani, chaguo namba 2 mwaka 2009, futi 7 na inchi 3, basi imeisha hiyo. Mzee aliyekaa naye misimu mitatu pale Chuo Kikuu cha Connecticut, Jim Calhoun, hamumgusi kabisa, wakati kwangu mimi habari yenyewe iko kwake.

Dogo alifika pale 2006, urefu anao ila mchezo bado, maana basketi alianza amechelewa. Msimu ule timu ilishinda 17 ikafungwa 14 na kwenye mashindano makubwa ya mwezi wa 3 haikuitwa. Msimu wa tatu Thabeet ana wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8, anafuta mitupo 4 na ushee kila mechi, na timu iko nusu fainali ya vyuo vya Marekani nzima. Hiyo ni kazi ya mazoezi, siku baada ya siku, na mtu wa kuisimamia.

Na huyo mtu, Calhoun, hakuibuka tu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, akaacha chuo akakata mawe, akachimba makaburi, nyumbani wapate kula, baadaye ndo akarudi kusoma kwa udhamini wa basketi. Akafundisha sekondari, halafu 1972 akaingia Northeastern pale Boston akakaa miaka 14. Connecticut kamfuata 1986, chuo kilichoanza kama shule ya kilimo huko mashambani Storrs, na msimu wa kwanza akashinda mechi 9 akapoteza 19. Hebu fikiria, mechi 19! Hapa kwetu kocha akipoteza tatu mfululizo mashabiki washaanza kelele na uongozi unamwandalia barua. Wale walimwacha afanye kazi, akakaa miaka 26, akawaletea ubingwa wa taifa 1999, 2004 na 2011, na nyota wa NBA kina Ray Allen na Kemba Walker wamepita mikononi mwake.

Sisemi ni malaika. Mwaka 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, walimpa adhabu ya mechi 3 kwa makosa ya kusajili wachezaji, na 2013 timu ya chuo ikafungiwa mashindano kwa sababu rekodi ya masomo ya wachezaji miaka ya nyuma ilikuwa mbovu, hilo nalo liandikwe kwa sababu kocha wa chuo ni mlezi, mwanafunzi akifeli darasani na yeye kafeli.

Ila kinachonigusa kuliko yote ni kwamba alistaafu 2012, jina liko kwenye jumba la mashujaa wa basketi tangu 2005, hana cha kutafuta tena, halafu kwenye 2018 akiwa na miaka 76 akaenda Saint Joseph, chuo kidogo kilichokuwa cha wanawake, kuanzisha timu ya wanaume kutoka sifuri, daraja la tatu la michezo ya vyuo ambako mchezaji halipiwi ada hata senti kwa sababu ya basketi. Babu mwenye vikombe vitatu alikuwa kwenye jimu ndogo akifundisha madogo wa mwaka wa kwanza jinsi ya kukaba, mpaka alipoachia ngazi 2021!

Sasa mhariri, makocha wa vyuo vyetu wapo, jioni wakitoka kazini wanakwenda uwanjani, wengine mipira wananunua kwa hela zao na hata posho ya nauli hawana. Dawati la michezo litume mwandishi akakae nao wiki nzima awaandike wakiwa bado wanafundisha. Na viongozi wa michezo vyuoni, tafadhalini sana, kocha apewe mkataba wa miaka kadhaa unaoeleweka na mshahara, msimu mmoja mbaya usiwe sababu ya kumfukuza.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam