Barua kwa mwanangu Furaha, kuhusu shofaji, mashine ya gesi inayopasha joto nyumba yako

Goma, mwezi wa Oktoba

Mwanangu mpendwa Furaha,

Sisi hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu, bibi yako anamwombea mjukuu wake kila jioni, na mvua za msimu zimekwisha kuanza. Lakini tangu tulipozungumza Jumapili sijapata usingizi wa kutosha, na sababu yake si baridi ya huko Ottawa, Kanada, uliyonisimulia, bali neno moja ulilolipitia haraka ukielekea jambo jingine: kwamba kile kidude cheupe kilichobandikwa ukutani karibu na chumba cha kulala kilikuwa kikilia kila baada ya muda mfupi, kikamwamsha mtoto, nawe ukakitoa betri na kukitia kabatini. Nakuomba, kabla hujaendelea kusoma, ukitoe kabatini, ukitie betri mpya na kukirudisha mahali pake. Kisha urudi, nitakueleza kwa nini.

Kidude hicho ni kengele ya monoksidi ya kaboni. Mlio mmoja mfupi unaorudiwa kila baada ya nusu dakika au dakika nzima kwa kawaida hauna maana ya hatari. Kengele inakuambia kwamba betri yake imechoka, au kwamba yenyewe imezeeka. Hatari ni milio minne ya haraka, kimya kidogo, kisha minne tena. Ukiisikia hiyo, mchukue mtoto, mwamshe mume wako, tokeni nje hata kama theluji inaanguka, na mkiwa nje ndipo mpige 911, namba ya dharura ya huko. Msibaki ndani kutafuta hewa hiyo inatoka wapi, kwa maana haionekani wala hainuki.

Wewe ni mtoto wa Goma, na mtoto wa Goma hahitaji kuelezwa kwamba hewa inaweza kuua. Ulipokuwa mdogo bibi yako alikukataza kushuka alfajiri katika vibonde vya Bulengo na vya njia ya Sake, mahali ambapo mbuzi hukutwa wamekufa bila jeraha, kwa sababu mazuku hukaa humo. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini mwa volkano, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana hutuama mashimoni kama maji, na mtu mzima anaweza kupita akiwa wima mahali ambapo mtoto mdogo au mbuzi hupoteza uhai. Lakini elimu hii ya nyumbani, mwanangu, inaweza kukupoteza huko uliko. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa tunayovuta, kwa hiyo haitulii sakafuni wala haikimbilii darini, bali huchanganyika na hewa yote ya nyumba, na feni ya shofaji inaweza kuisambaza kwa njia zile zile zinazopeleka joto chumbani kwa mtoto. Kulala kwenye kitanda kilichoinuka juu hakumwokoi mtu.

Hewa hiyo ndiyo inayotoka katika mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Unamkumbuka yule jirani yetu wa zamani aliyeiingiza mbabula chumbani usiku wa mvua, akafunga dirisha ili wanawe wasione baridi, na asubuhi ikabidi tuvunje mlango. Watu walisema amerogwa. Hakurogwa. Kitu chochote kinachowaka bila kupata oksijeni ya kutosha hutoa hewa hiyo, iwe ni makala, petroli au gesi, nayo ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni takriban mara 200, hata mwili unakosa pumzi ilhali kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na wengi hudhani ni mafua. Tofauti yake ni hizi: hakuna homa, watu wote wa nyumba wanaugua kwa pamoja, na ukitoka kwenda kazini unapata nafuu, kisha ukirudi nyumbani kichwa kinaanza tena. Ukiona hivyo usinywe kidonge ukalala.

Mwezi Desemba 2008, katika mji wa Woodstock, katika jimbo lenu hilo hilo la Ontario, familia ya watu wanne ilikufa ndani ya nyumba yao kwa sababu bomba la kutoa moshi wa meko ya gesi lilikuwa limeziba, na nyumba hiyo haikuwa na kengele. Mwaka 2013 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayoitwa Hawkins-Gignac, nayo ndiyo iliyoleta kidude ulichokitia kabatini. Sheria za huko zinamtwika mwenye nyumba wajibu wa kuweka na kutunza kengele karibu na vyumba vya kulala, na zinamkataza mpangaji kuilemaza. Kwa hiyo, kengele ikiwa imezeeka, mwandikie mwenye nyumba bila aibu. Geuza mgongo wake usome tarehe. Nyingi hudumu kati ya miaka 7 na 10, na baada ya hapo hata ukitia betri mpya haziaminiki.

Sasa nije kwenye shofaji yenyewe. Unajua kwamba yale majira sita ya baridi niliyokaa Ottawa ulipokuwa bado mdogo niliyatumia nikimbebea vifaa fundi mmoja wa gesi mwenye leseni, mzee mvumilivu aliyependa kueleza kila alichokigusa, na alichonifundisha kwanza ni kwamba shofaji inapumua. Inavuta hewa, inachoma, inatoa moshi. Anayeelewa njia hizo hataiogopa mashine hiyo, wala hataidharau.

Gesi inayoichoma kwa sehemu kubwa ni methani, ile ile iliyolala katika vilindi vya ziwa letu la Kivu, ambayo upande wa Rwanda, huko Karongi, huvutwa na kuchomwa ili kupata umeme. Thamostati ya sebuleni inapohisi baridi, feni ndogo huanza kwanza kuzunguka ili kusukuma nje moshi wa zamani, swichi inayopima mgandamizo inathibitisha kwamba njia ya moshi iko wazi, kiwashio kinakuwa chekundu, vali ya gesi inafunguka, moto unashika, na kijiti kidogo cha chuma kilichosimama ndani ya mwali kinaiarifu mashine kwamba kweli pana moto. Baada ya muda mfupi feni kubwa huanza kupuliza hewa ya nyumba kupita nje ya vile vyumba vya chuma ambamo moto unawaka. Zingatia hapo: moto uko ndani ya chuma, hewa mnayovuta iko nje yake, na katika shofaji iliyo nzima viwili hivyo havikutani kamwe. Chuma hicho kikipasuka kwa uzee au kwa kuzidiwa na joto, au bomba la moshi likiziba huku vilinzi vyake vimeharibika, ndipo moshi unapoweza kuingia ndani.

Uliniambia kwamba shofaji yako inawaka, inazimika baada ya sekunde chache, inajaribu tena mara tatu, halafu inanyamaza. Haikuharibika kwa ukaidi, mwanangu, inajizuia. Mara nyingi nilizoona hali hiyo, kile kijiti cha chuma kilikuwa kimefunikwa na uchafu, mashine haioni moto wake yenyewe, nayo inafunga gesi ili isije ikamwagika bila kuwaka. Kwa fundi hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini usiwe mtu wa kuizima na kuiwasha mara kumi kwa siku kuilazimisha. Kwenye mlango wake kuna kidirisha ambamo taa ndogo inapepesa. Hesabu mipepeso, uiandike, umsomee fundi kwa simu, kwa kuwa maana yake imebandikwa upande wa ndani wa mlango. Mlango huo nao una swichi inayozima mashine ukifunguliwa. Niliwahi kukuta mtu ameibana swichi hiyo kwa utepe ili aendeshe shofaji ikiwa wazi, na fundi wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, siku ile alipaza.

Kazi iliyo yako mwenyewe ni filta. Iangalie kila mwezi wakati wa baridi, na uibadilishe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kwa kutegemea vumbi na unene wake. Zima kwanza mashine kwa swichi yake, ambayo katika nyumba nyingi za huko ina bamba jekundu, vuta filta ya zamani, soma vipimo vilivyoandikwa ukingoni, na uweke mpya yenye vipimo hivyo hivyo, mshale wake ukielekea kwenye shofaji, upande ambako hewa inakwenda. Watu hudhani filta nzito kuliko zote ndiyo bora. Sikubaliani nao mpaka fundi athibitishe kwamba mashine inaimudu, kwa maana filta inayoinyima feni hewa huzidisha joto katika kile chuma nilichokueleza, mashine inajizima kila mara, na chuma kinachopata joto kupita kiasi mwaka baada ya mwaka hupasuka.

Sasa toka nje, uzunguke nyumba. Utaona mabomba mawili ya plastiki yakitokeza ukutani, moja likivuta hewa na jingine likitoa mvuke mweupe. Kila theluji ikianguka nyingi, na hasa ikiwa imesukumwa na upepo, yasafishe kwa mkono na uondoe theluji iliyo mbele yake. Asubuhi moja ya Januari tuliitwa katika nyumba ambayo shofaji ilikuwa imezimika usiku. Theluji ilikuwa imeyafunika mabomba yote mawili, ile swichi ya mgandamizo ikafanya kazi yake na kukataa moto usiwake. Mashine iliwalinda. Lakini wenyeji, kwa kuona baridi, walikuwa wamewasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi, wamekaa kuizunguka pamoja na watoto. Tulifungua madirisha na kuwatoa nje kabla ya jambo jingine lolote. Nakuandikia hili kwa sababu najua silika yetu: shofaji ikizimika usiku, akili ya mtu wa Kivu inakwenda kwenye kitu cha kupikia. Usiwashe oveni, usiingize jiko la makala lililo barazani hata likiwa limebaki majivu yenye joto. Vaeni nguo nyingi, laleni chumba kimoja, mpigieni mwenye nyumba usiku huo huo, na ikishindikana nendeni kwa jirani.

Gesi ikivuja ni habari nyingine. Gesi yenyewe haina harufu, ndiyo maana kampuni huitia merkaptani inayonuka kama mayai yaliyooza. Ukinusa hivyo, usiwashe taa wala usizime taa iliyowashwa, usichomoe kitu kwenye umeme, usipige simu ukiwa ndani. Tokeni wote, na mkiwa mbali na nyumba mpigie namba ya dharura ya kampuni ya gesi au 911. Koki ya gesi ikishafungwa na wao, usiifungue wewe.

Chumba cha shofaji kisiwe ghala. Nguo, maboksi, rangi na hasa petroli vikae mbali. Acha kama mita moja tupu kuizunguka pande zote. Na usizibe matundu ya joto vyumbani kwa makochi.

Mambo mengine yote mwachie fundi, na fundi huyo aje mara moja kila mwaka kabla ya baridi kali, maana yake mwezi huu. Huko Ontario haruhusiwi kugusa gesi asiye na cheti kinachotolewa na mamlaka iitwayo TSSA. Mwombe akuonyeshe kadi yake, hatachukia. Akifika, usiende jikoni. Simama naye, mwambie apime monoksidi ya kaboni katika moshi, asafishe kijiti cha moto, aangalie chuma kama kina ufa na mfereji wa maji kama hauna uchafu, na akuonyeshe mwali wenyewe, ambao unapaswa kuwa wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa manjano, au ukiona masizi, zima na usiwashe tena kabla ya kutengenezwa. Mwenye nyumba akikuambia usubiri hadi Desemba, mjibu kwa maandishi, kwa adabu, na umtajie kwamba mashine inajizima mara tatu mfululizo na kwamba ndani mna mtoto wa miezi minane.

Nitumie picha mbili jioni hii: ya kengele ikiwa imerudi ukutani, na ya mgongo wake palipoandikwa mwaka. Ukibadilisha filta, nitumie na ile ya zamani niione. Saa zetu zimetangulia zenu, lakini simu nitaiweka karibu na mto.

Baba yako