Mbadala wa mfupa usipimwe kwa eksirei pekee

Mhariri,

Msomaji akisikia mbadala fulani wa mfupa, yaani kitu kinachopandikizwa badala ya mfupa halisi, umeunganisha pingili za mgongo kwa sungura wote, aulize: ulipimwaje? Kipimo kilichozoeleka, alichokieleza mtafiti Boden na wenzake mwaka 1995, huunganisha pingili ya tano na ya sita za kiunoni. Chomozo za pembeni za pingili hizo hukwanguliwa kwa keekee ndogo mpaka mfupa utoe damu, kisha kila upande huwekwa mililita 2 hadi 3 za kipandikizi. Ukwanguaji ukiwa hafifu, seli za uboho hazifiki, na hata kipandikizi kizuri hushindwa.

Hata kipandikizi cha mfupa wa nyonga wa sungura mwenyewe huunganisha pingili kwa takriban theluthi mbili tu ya sungura. Kundi hilo la sungura wa kulinganisha lazima liwepo.

Eksirei hudanganya, maana chembe za keramiki zilizomo katika baadhi ya mbadala huonekana nyeupe kama mfupa tangu siku ya upasuaji. Baada ya wiki 5 au 6, uti hutolewa, pingili mbili hizo hushikwa kwa vidole na kukunjwa taratibu. Zikicheza hata kidogo, hazijaungana. Anayekunja asijue kabisa sungura huyo alipewa nini.

Wapimaji wa vipandikizi vya mifupa