Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Duka, Darasa na Thamani ya Mkono

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasukaji na washonaji, mama zangu, dada zangu na wanangu, Assalaam alaykum.

Kabla ya hesabu na mipango, tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mmoja alikuwa msukaji wa misala, ile mikeka ya kuswalia, mwengine mshonaji wa kofia. Yule wa misala alikuwa na pindo lake mwenyewe, lile la vipembe vidogo vya zambarau na kijani vinavyozunguka msala mzima na kukutana pembeni bila ya kuonekana vilipoungwa. Sote tukilijua kwa macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini yake akalijua kwa mkono. Msala wake wa mwisho uko dukani, na kamati imeamua usiuzwe. Tumeutundika ukutani juu ya jamvi la darasa, ili atakaye kuuhesabu chane kwa chane, yaani kila kijani kilichochanwa kwa kusukia, aje auhesabu. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, amin.

Nimeanza na msala huo kwa makusudi. Mengi nitakayoyasema leo yanarudi kwake.

Mwaka wenyewe ulianza kwa maji. Masika yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa Mei, kilipokuja Kimbunga Hidaya na vyombo vikazuiwa kusafiri, mzigo wetu wa rangi na uzi ulibaki Dar es Salaam. Hilo lilipita kwa siku chache. Kilichotuumiza ni ukungu. Nyumba za Mji Mkongwe hapa Zanzibar, lilipo duka letu, ni za mawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unakunywa maji ya mvua kama sifongo. Mikeka yetu tulikuwa tumeipanga chumba cha nyuma, mmoja juu ya mwengine, umegusa ukuta, na Aprili na Mei wageni ni haba, kwa hiyo rundo lile halikufunguliwa kwa wiki kadhaa. Tulipolifunua tulikuta madoa meusi kutoka mkeka wa chini mpaka wa katikati. Tulianika, tukasugua kwa brashi kavu, na mengine yakatoka. Lakini mkeka uliotiwa rangi ukiuanika mpaka ukungu ufe, na rangi nayo inakufa. Mikeka 14 haikufaa tena kuuzwa. Kosa lilikuwa la kamati. Ufunguo wa chumba kile ninao mimi, na ningekifungua kila wiki tungeyaona madoa yakiwa matatu. Wenye mikeka wote wamelipwa na chama kama vile mikeka imeuzwa, na sasa tuna vichaga vya boriti: mikeka inaning'inizwa, haipangwi, na hakuna unaogusa ukuta.

Jengine lililotupotezea fedha ni mali kauli. Hoteli moja ya pwani, jina lake naliacha, ilichukua vikapu na makawa ya kufunikia chakula kwa maneno kwamba italipa kadiri yatakavyouzwa. Yaliuzwa, maana tuliambiwa na wageni waliokuja dukani wakiwa wameyashika. Malipo tuliyafuata miezi 5, na Bi Katibu amekwenda huko kwa daladala mara ambazo hazihesabiki, akirudi na ahadi. Mwisho zililipwa, pungufu. Katika miezi hiyo mitano kuna mama aliyengoja fedha ya kikapu chake huku watoto wanataka madaftari. Kuanzia sasa hakuna mali inayotoka dukani bila ya arubuni, yaani malipo ya kutanguliza, ya nusu ya bei, na atakayeona sharti hilo zito tutamshukuru na tutabaki na vikapu vyetu. Hesabu kamili mtasomewa na Mweka Hazina, nami sitaki kumwingilia.

Sasa nifike kwenye darasa, ambalo ndilo lililolibeba duka mwaka huu.

Mtakumbuka wengi wetu tulikuwa na wasiwasi tulipoanza kuwafundisha wageni. Mkiwafundisha, tuliambiana, watakwenda kusuka kwao na hawatanunua. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye wasiwasi. Nieleze niliyoyaona kwa macho yangu mwezi wa Agosti. Aliingia mgeni mmoja, mama mtu mzima, pamoja na binti yake. Akaushika mkoba wa ukili, yaani ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkoba au mkeka, akauliza bei, akasema ni ghali, kwani huko nje ameuona kama huo kwa nusu. Mwalimu wetu hakubishana naye. Alimkaribisha jamvini, akampa chane nne za ukindu, majani ya mti wa mkindu, zilizokwisha kuloweshwa, akamwonyesha namna ya kuzikunja na kuanza: huu wa kulia unapita juu, unaofuata chini, kaza kwa kidole gumba, geuza. Yule mama alikaza mno upande mmoja, upande mwengine ukalegea. Akafumua, akaanza upya. Chane ilipomwishia hakujua kuunga, mwalimu akamuungia. Baada ya saa moja na robo alikuwa na ukili wa shibiri moja, upana wa kiganja kilichotanuliwa vidole, umepinda.

Hapo mwalimu akauchukua ule mkoba, akaufunua ndani, akaupitisha ukucha juu ya mshono ulivyozunguka kutoka chini mpaka mdomoni. Akamwambia: humu mna pima 7. Pima moja ni shibiri 8. Basi hizi ni shibiri 56, na bado hatujashona, hatujatia rangi, wala hatujakwenda kuukata ukindu. Yule mama aliutazama ukili wake, akautazama mkoba. Alilipa bei iliyoandikwa, na akaomba aondoke na shibiri yake.

Si yeye peke yake. Waliokaa jamvini, hata kwa saa moja, hawakuomba tena kupunguziwa. Wanaoomba ni wale wanaosimama mlangoni. Nami sasa naamini kwamba kilichokuwa kikituangusha kwenye bei miaka yote ni kwamba mnunuzi hakuwahi kuuona mkono. Anaona kikapu tu, na vikapu viko vingi barabara nzima. Kwa sababu hiyo kila kitu dukani sasa kina kikaratasi chenye idadi ya pima, kijiji kilikosukwa, na siku zilizotumika. Na bei tumeigawa waziwazi: katika kila shilingi 10,000, 7,000 ni za msukaji, 2,000 za duka, 1,000 za mfuko wa darasa. Nawaomba mnapoleta kazi mtaje siku zenu kwa ukweli. Kuna wanaozipunguza kwa kuona haya, wakidhani siku nyingi ni dalili ya uvivu. Siku nyingi ndiyo thamani yenyewe.

Nigusie kidogo ratiba, kwa sababu ililetwa na akili ya wanachama wa Paje na Bwejuu, na naiona ndiyo hatua bora kuliko zote mwaka huu. Tulikuwa tukipanga mafunzo ya vijijini kwa tarehe za kalenda ya ofisini, na nusu ya watu hawaji. Tukiwalaumu. Kumbe wengi wao ni wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa fedha ya mwanamke mwenyewe, asiyoiombea ruhusa kwa mtu. Siku za bamvua, maji yanapokauka mpaka mbali, mwanamke wa mwani hawezi kukaa kibarazani akasuka. Yuko baharini anafunga vitawi kwenye kamba. Basi tukaacha kalenda ya ukutani tukafuata mwezi. Darasa la vijijini sasa ni siku za maji mafu, bahari isipokauka mbali: baina ya tarehe 7 na 10 za mwezi mwandamo, na tena baina ya tarehe 22 na 25. Tangu tulipobadilisha, jamvi limejaa. Walioutoa ushauri huo walikuwa wameutoa mwaka juzi, na kamati haikuwasikiliza. Nawataka radhi.

Makunduchi nao wamesema mwezi wa Julai wasitarajiwe kuleta kazi, kuna Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi. Imekubaliwa.

Kuhusu malighafi: ukindu unazidi kuwa mbali. Tunachokitaka ni kuti changa ambalo bado limefumba, na mkindu ukikatwa makuti yake machanga yote kwa pamoja hauna tena kitu cha kukulia. Msitu wa Jozani ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 2004, na asiingie mtu humo na panga kwa jina la chama hiki. Tumeanza kuotesha machipukizi ya mkindu pembezoni mwa mashamba ya wanachama watatu, penye maji. Yanakwenda polepole. Kamba za makumbi ya nazi nazo, wenzetu wa pwani ya mashariki wameleta nzuri sana, lakini kumbi zinafukiwa mchangani miezi kadhaa kabla ya kupondwa na kusokotwa, na bado hatujapata mnunuzi anayeilipa miezi hiyo. Hatutaziuza kwa bei ya kamba za plastiki. Zikae.

Kofia za mkono zilikwenda vizuri kabla ya Iddi zote mbili na nyakati za harusi, na zilizobaki zilichukuliwa na ndugu zetu walioko Oman, ambako kofia hii inaitwa kumma na ni vazi la kila siku. Za mashine zimejaa sokoni na ni rahisi. Hatushindani nazo. Anayetaka kofia ambayo kila kitobo chake kimezungushiwa uzi kwa sindano anajua anachokitafuta, na anangoja. Ila washonaji wetu wa kofia wamebaki 6, na 4 kati yao wanalalamika macho. Miwani ya karibu tumewanunulia kwa mfuko wa darasa, na taa nzuri imefungwa dirishani.

Hapa ndipo penye jambo langu hasa. Mwaka huu tumewafundisha wageni kutoka nchi ambazo mimi sijawahi kuzisikia. Wameondoka na shibiri zao. Na katika mwaka huo huo, ni watoto wangapi wa wanachama waliokaa kwenye jamvi hilo hilo? Mpaka Septemba hakuwako hata mmoja. Duka linafunguliwa wakati wako skuli, na wakitoka skuli wako chuoni wanasoma Kurani. Tumewauzia wageni saa zetu zote, na wetu wenyewe tumewaachia zilizobaki, na hazikubaki.

Basi kuanzia Oktoba tulifungua darasa la Jumapili asubuhi, bure, kwa fedha za ule mfuko. Walikuja 11: wasichana 9 na wavulana 2. Mwalimu analipwa kama anavyolipwa kwa wageni, maana kazi ni ile ile, na kusema kweli kwa watoto ni nzito zaidi, kwa kuwa mgeni anataka kujaribu na mtoto anatakiwa ajue. Wanaanza kwa kuchana, si kwa kusuka. Wiki tatu nzima wanachana ukindu kwa ukucha mpaka chane zilingane upana. Wawili walichoka wakaacha, mmoja wao akarudi mwenyewe. Sasa wanasuka ukili mweupe wa kawaida, na mwezi uliopita walianza kutia rangi katika sufuria: maji yachemke kwanza, rangi ikorogwe mpaka iyeyuke, chane zizame zote, na zikitoka zisuuzwe mpaka maji yawe meupe. Mtoto mmoja aliona uvivu kusuuza, na kesho yake zambarau ilikuwa kwenye vidole vya kila aliyezigusa. Hatasahau.

Jumapili iliyopita nilipita dukani kuchukua daftari. Niliwakuta wasichana wawili wamepanda juu ya kibago, mmoja ameshika kalamu, mwengine kidole chake kiko juu ya pindo la ule msala ukutani, anahesabu kwa sauti. Wameshafika pembe ya kwanza. Wanakwama pale zambarau inapogeuka kuwa kijani, kwa sababu chane ya tatu inazama chini na haionekani inatokea wapi. Mwalimu hajui. Mimi sijui.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maombi, nanyi mtayajadili baada ya hesabu. Kwanza, fungu la mfuko wa darasa lipandishwe kutoka 1,000 hadi 1,500 katika kila 10,000, na nyongeza hiyo itoke kwenye fungu la duka; la msukaji lisiguswe. Pili, kila mwanachama mwenye pindo, ua au mshono anaoujua yeye peke yake, akubali kuwa na mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja, na chama kimlipe kwa siku hizo. Najua kuna mapambo yaliyorithiwa ndani ya nyumba na wenyewe hawapendi yatoke. Hayo tutayaheshimu, mwanafunzi anaweza kuwa wa nyumba hiyo hiyo. Na tatu, kama kuna yeyote hapa, au mama yake, au jirani yake, aliyewahi kumuona marehemu akisuka lile pindo, hata mara moja, akakumbuka mkono wake ulikwendaje baada ya chane ya tatu, asiondoke leo bila ya kumuona mwalimu. Msala tumekuja nao. Uko pale meza ya mbele, na chane zilizoloweshwa ziko ndani ya ndoo.

Naomba kuwasilisha.