Barua kwa mwanangu kuhusu kifaa cha kutakasa chupa

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unataka nikuambie kwa neno moja ununue kifaa gani cha kutakasa chupa za mtoto: cha umeme, cha kuweka ndani ya maikrowevu, au kile chenye taa ya mionzi ambacho naona kimekwisha kukuteka kwa uzuri wa umbo lake. Neno moja sina. Ninalo jambo moja, nalo ni kwamba ununue kile ambacho wewe na mwenzako mtaweza kukitumia bila kukosea saa 9 usiku, mtoto akilia na macho yenu yakiwa yamejaa usingizi.

Kabla ya kifaa chochote kuna kuosha, na hapa nina kosa langu la kukiri. Ulipokuwa na wiki chache niliamini kwamba moto humaliza kila kitu, kwa hiyo nikawa nasuuza chupa juu juu tu na kuzitumbukiza kwenye sufuria. Siku moja nilifungua pete ya kukazia chuchu nikakuta ndani yake ukoko mweupe wa maziwa ya siku nyingi, umeganda na kutoa harufu. Mafuta na protini ya maziwa yaliyokauka huwakinga vijidudu, na mvuke au dawa haipenyi vizuri mahali pachafu. Tenganisha kila sehemu, yaani chupa, chuchu, pete, kifuniko na vali kama ipo, uzioshe mara tu mtoto anapomaliza kunyonya kwa maji ya moto na sabuni, kwenye beseni lisilotumika kwa kazi nyingine, kwa brashi inayofika hadi kwenye kitako cha chupa. Kifaa cha bei kubwa hakitakufanyia kazi hiyo.

Sufuria yenye kifuniko unayo tayari, nayo inatosha kabisa: vyombo vizame vyote bila kubaki hewa ndani, maji yachemke, kisha uhesabu dakika 10. Ubaya wake ni kwamba sufuria haijui kujizima. Mimi nilisinzia kitini nikaamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Maji yalikuwa yamekauka na chuchu nne zimegandamana chini kama ulimbo. Isitoshe, kuchemshwa kila siku huzichakaza chuchu haraka, kwa hiyo uzikague, na ukiona moja imepasuka au inanata, uitupe.

Kwa kuwa utarudi kazini na mtoto atatumia chupa kila siku, kifaa cha mvuke cha umeme ndicho ninachokupendekezea. Unamimina maji kidogo juu ya sahani ya chuma iliyo kwenye kitako chake, sahani inapata moto, mvuke unavijaza vyumba vyake, na baada ya dakika chache, ambazo hutofautiana kwa kila aina, kinajizima chenyewe. Usitazame idadi ya vitufe. Tazama kama chupa yako ndefu kuliko zote inasimama ndani na kifuniko kikafunga, kama kinabeba chupa za kutosha nusu siku, kama kinajizima maji yakiisha, na kama mkono wako unaifikia sahani ili kuisugua, kwa maana maji yenye chumvichumvi nyingi huacha magamba ya chokaa ambayo lazima yaondolewe kwa siki au asidi ya limau. Aina zinazokausha ni starehe, ila huongeza muda mrefu. Chupa zinaweza kukauka zenyewe zikiwa zimefunikwa humo humo. Usizifute kwa kitambaa cha jikoni, maana utakuwa unazirudishia vijidudu ulivyoviua.

Usilipie zaidi kwa sababu ya maneno makubwa kwenye boksi. Mvuke wa kawaida wa nyuzi 100 huua vijidudu vinavyomdhuru mtoto kwa kawaida, lakini haumalizi mbegu sugu za bakteria. Hospitali hutumia mvuke wa shinikizo, aghalabu wa nyuzi 121, kwa kazi hiyo. Mtoto mzima wa afya hahitaji chupa za chumba cha upasuaji.

Cha maikrowevu ni kizuri kama tanuri lako ni pana. Pima ndani yake kwanza, usiweke chuma chochote, na usifungue kifuniko upesi, kwani mvuke huchoma mkono. Kile chenye mionzi ya urujuanimno nisingekitegemea peke yake. Mionzi hiyo huua pale tu inapopiga moja kwa moja, na mikunjo ya chuchu ina vivuli vingi. Lakini weka akiba ya vidonge au dawa ya klorini kwa ajili ya safari na siku umeme ukikatika: vyombo vizame kwa dakika 30 au zaidi, maji yabadilishwe kila baada ya saa 24, na vyombo vya chuma visiingie humo.

Kuhusu muda ambao kifaa kitakutumikia, wataalamu hawasemi lugha moja. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri kutakasa vyombo mpaka mtoto atimize angalau miezi 12, hali wale wa Marekani husisitiza hasa watoto wa chini ya miezi 2, waliozaliwa njiti na wenye kinga dhaifu. Mimi ningefuata ushauri mrefu, maana hauumizi.

Na maziwa ya unga yenyewe, mwanangu, si safi kama chupa iliyotoka kwenye mvuke. Yanaweza kubeba bakteria aitwaye Cronobacter, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza yachanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Maziwa yaliyotengenezwa yakakaa nje zaidi ya saa 2, yamwage bila huruma.

Kuhusu pampu ya kukamulia, soma maelezo yake kabla hujaitia kwenye mvuke. Sehemu zinazogusa maziwa huingia. Mota haiingii kamwe, na mipira yake myembamba kwa kawaida haiingii pia.

Kabla hujanunua, chukua rula upime chupa zako, kisha uniandikie kama midomo yake ni mipana au myembamba. Brashi nitakuja nayo mimi.

Mama yako akupendaye