Kabla hujanunua meseji za dharura kwetu

Wateja wengi wakifika ofisini kwetu, hapa Nkuhungu, Dodoma, huanza na bei: "Meseji moja shilingi ngapi?" Sisi huwauliza: moto ukizuka bwenini saa nane usiku, ni nani ataamka?

Meseji haiamshi mtu. Simu iko kwenye chaji, imezimwa sauti, au mtandao umekata. Kile kipande cha reli kinachoning'inia mtini shuleni, kikigongwa kwa nondo, kinamwamsha hata mlinzi. Kwa hiyo bwenini tunafunga king'ora kwanza. Meseji zinafuata, kwa walimu, wazazi na jirani mwenye gari. Zimamoto ni 114, hiyo hatuiuzi.

Mbiu ya mgambo ilipolia, watu walitoka nje wakamuuliza mpigaji kulikoni. Meseji haiulizwi, hivyo ibebe yote: nini, wapi, ufanye nini. Na iwe fupi. Hapo tuliwahi kujikwaa wenyewe. Kwenye zoezi la shule moja tuliandika "Chang'ombe", tukiwa tumenakili maneno kutoka kwenye kompyuta, na ile alama ya ng' ikaja imepinda badala ya kusimama wima. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Alama moja tu ya namna hiyo inaishusha hadi 70. Yetu ya herufi 130 ikahesabiwa mbili, kwa kila mzazi. Tofauti ya bili tuliilipa sisi. Siku hizi programu yetu inainyoosha alama hiyo kabla ya kutuma.

Ipo pia njia ya mnara kurusha tangazo kwa simu zote zilizo eneo lake, bila kuhitaji namba. Hiyo ni ya serikali na kampuni za simu, si ya duka kama letu. Lakini nayo hukosea: huko Hawaii, Marekani, tarehe 13 Januari 2018, watu walitangaziwa kombora ambalo halikuwepo, na zikapita dakika 38 kabla ya simu zao kupata masahihisho. Ndiyo maana kila tangazo tunalokuandalia tunaliwekea pacha wake: "Tangazo lililopita limekosewa, hakuna hatari."

Ukija, njoo na orodha ya namba. Tutachagua kumi tuzipigie mbele yako. Shule ya mwisho tuliyoifanyia hivyo, namba nne zilipokewa na watu wasio na mtoto pale.