Kabla hujapanda ndege kuja Muheza

Mwanangu Zawadi,

Unasema unakuja Desemba na chandarua hukihitaji, eti wewe na malaria mmezoeana tangu utotoni. Mimi niliyezeekea maabara nikikodolea damu kwenye hadubini siwezi kulinyamazia hilo.

Kinga uliyokuwa nayo ilikuwa kazi ya seli nyingi. Mbu akishauma, vimelea hukimbilia ini, vikakaa humo kama wiki moja nawe husikii chochote. Hapo seli T za kuua, askari wa kinga ya mwili, zinaweza kuviwahi. Vikiingia kwenye chembe nyekundu za damu, zimepitwa: chembe hizo hazina kiini, wala haziwezi kuzionyesha seli T kilichomo ndani.

Kazi huhamia kwenye wengu, damu inakochujwa. Seli dendritiki humeza vimelea na kuvionyesha vipande vyake kwa seli T saidizi. Hizo hutoa interferoni gama, kemikali ya kuchochea kinga, na makrofaji, seli kubwa za kumeza, huzidi ukali. Hizohizo huzichochea seli B zitengeneze kingamwili, protini za kumshika adui, na kimelea kilichoshikwa na kingamwili makrofaji hukipata kwa urahisi. Ndiyo maana wengu wa mtoto anayeugua kila mara huvimba hadi ukaupapasa tumboni, wako niliupapasa. Zipo pia seli za kutuliza, zenye interlukini-10, kemikali ya kupoza kinga, kwani vita vikizidi mwili wenyewe ndio unaoumia.

Nguvu ya kingamwili ilionekana Gambia mwaka 1961: watafiti Cohen, McGregor na Carrington walizitoa kwa watu wazima wakawadunga sindano watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua sana.

Sasa shida yako. Falsiparamu, kimelea cha malaria kali, ina jeni kama 60 za kubadili vazi lake, yaani protini zinazotambuliwa na kingamwili, na mtoto wa Muheza huyajua mavazi hayo moja baada ya jingine, kwa miaka. Huko Edinburgh hakuna malaria ya kuikumbusha kinga yako. Kingamwili zimepungua, seli za kumbukumbu zimebaki, lakini huchukua siku kadhaa kuamka, na vimelea huzaana upya kila saa 48.

Kwa hiyo nenda kliniki ya wasafiri uombe dawa ya kinga, uinywe kama watakavyokuelekeza, hata ukisharudi. Homa ikikushika huko baadaye, usiiite mafua: waambie ulikuwa Tanga, wakupime malaria siku hiyohiyo.

Baba yako anakusalimu.

Mama