Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa kufuata azimio la mkutano mkuu uliopita, chama chetu kiliutumia mwaka huu kufuatilia historia ya Toledo Troopers, timu ya wanawake ya futiboli ya Kimarekani (mchezo wa kubeba mpira mikononi na kukabana miili) iliyochezea mji wa Toledo, jimboni Ohio, Marekani, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979.

Chimbuko la timu za wanawake za mchezo huo halikuwa la kuwaenzi wanawake. Mwaka 1967 Sid Friedman, wakala wa wasanii mjini Cleveland, alianza kuziunda ziwe maonyesho ya kuvuta watazamaji. Waliojitokeza Toledo, mji wa viwanda vya vioo na magari kando ya Ziwa Erie, walikuja kucheza kwa dhati, na kocha Bill Stout aliwanoa vivyo hivyo kama ambavyo angewanoa wanaume. Kwa maoni yangu, historia yenyewe inaanzia hapo. Timu haikuonja kushindwa hadi mwaka 1976, ilipofungwa na timu ya Oklahoma City Dolls, na kwa jumla ilijizolea mataji saba.

Nyota wake alikuwa Linda Jefferson, mchezaji wa kukimbia na mpira, ambaye alikimbia nao zaidi ya yadi 1,000 (kama mita 914) kwa msimu katika misimu mitano mfululizo. Mwaka 1975 jarida la womenSports, lililoasisiwa na mcheza tenisi Billie Jean King, lilimtangaza kuwa mwanamichezo bora wa kike wa mwaka. Hata hivyo malipo ya mchezaji yalikuwa kama dola 25 kwa mechi, kwa hiyo wanawake hao waliendelea na ajira zao za mchana na kufanya mazoezi jioni.

Kamati yetu ilijadili kwa kirefu kwa nini timu yenye rekodi kama hiyo ilivunjika. Ligi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 ilikuwa na timu saba zilizotawanyika kutoka Ohio hadi California, na viingilio vya mlangoni havingeweza kubeba gharama za safari ndefu namna hiyo. Lakini naona sababu nzito zaidi ilikuwa shuleni: sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kupinga ubaguzi wa kijinsia katika elimu iliwafungulia wasichana milango ya michezo mingi, ilhali futiboli ilibaki kuwa ya wavulana, na mchezaji aliyestaafu hakuwa na msichana aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Jambo hilo linanisikitisha sana.

Kwa sababu hiyo, kamati ya utendaji inauomba mkutano huu uidhinishe sehemu ya akiba yetu itumike kurekodi kumbukumbu za wanawake waliochezea timu za miji yetu zamani, tukianza na wazee, na kuzifikishia shule za jirani maombi ya kuanzisha timu za wasichana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti